Sebule ya Wageni

Siku ya tatu ya hitima ya Ami Hilali, mwanamke mmoja nisiyemjua, aliyeketi ubavuni mwangu juu ya busati, alinigusa goti akaniambia kwa sauti ya chini, "Nyumba hii wana radhi za wazee. Marehemu alimlea mamake mpaka dakika ya mwisho. Alimpa sebule yake mwenyewe. Siku hizi nani anafanya hayo?" Nilikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Nilikiweka chini polepole, kwa sababu najijua, nikamuuliza, "Nani kakwambia?" Akanishangaa. "Kila mtu anajua," akasema. Bi Thuwaiba, mjane wa Ami, alikuwa ameketi mbele yetu akitokwa na machozi, akatikisa kichwa kukubali, na ninaamini machozi yale yalikuwa ya kweli. Niliinuka, nikavaa viatu vyangu, nikatoka. Nilitembea vichochoroni bila kujua ninakwenda wapi mpaka nilipojikuta nimesimama mtaa wa Mkunazini, mkono ukutani. Mwanamke wa miaka arubaini na tisa, muuguzi, mama wa watoto watatu, nimeshika ukuta kama niliyepigwa kofi. Najua maiti hasemwi. Lakini Ami hakusemwa hata alipokuwa hai, na mmoja wa walionyamaza ni mimi, na kunyamaza kwetu ndiko kulikoijenga sifa ile mpaka ikasimama kama nyumba. Kwa hiyo nitasema. Sitasema maisha yake yote, kwani mengine yalikuwa mazuri. Nitasema mwaka mmoja tu, niliokuwa na miaka kumi na minane.

Wakati huo nilikuwa nimetoka kwetu Uroa, nakaa kwa Ami mjini kwa ajili ya skuli. Bibi yangu, Bi Mwanaasha, mama wa Ami na wa marehemu baba yangu, alianguka jikoni asubuhi moja akiwa anachambua mchele. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia na maneno yake yote isipokuwa moja. Neno lililobaki lilikuwa "karibu". Akitaka maji alisema karibu. Akiumwa alisema karibu. Akikasirika, na alikuwa mtu wa hasira tangu zamani, alilisema neno hilo kwa ukali hadi mate yakamtoka: karibu! Baada ya wiki mbili za hospitali alirudishwa nyumbani, wanaume wanne wakampandisha juu ya kiti mpaka chumbani kwake ghorofa ya juu kabisa. Ngazi thelathini na moja, nyembamba, za mbao, zenye kona mbili, na mwisho wake unashika kamba iliyofungwa ukutani kwa sababu bila ya kamba unaanguka. Nilizihesabu siku ile nikiwa nyuma yao na mito, na baada ya hapo sikuzihesabu tena, miguu yangu ilizijua.

Jioni ile wakubwa walikaa sebuleni kupanga. Lazima niieleze sebule ile. Ilikuwa chini, unaingia mlango wa nje na kuipata mkono wa kushoto, chumba kikubwa chenye madirisha mawili yanayotazama njia. Kulikuwa na viti vya mpingo vya kusukwa migongo, saa ya ukutani, sahani za kale zilizotundikwa, na zulia jekundu ambalo sisi watoto tulikatazwa kulikanyaga. Mlango wake ulifungwa kwa ufunguo, na ufunguo aliuweka Bi Thuwaiba kwenye pindo la kanga. Ilifunguliwa wageni wakija. Siku sita za wiki chumba chenye upepo kuliko vyote katika nyumba ile kilikuwa kitupu, kimefutwa vumbi, kinangoja watu wasiokuwa sisi. Mimi nilipeleka sinia la kahawa na halua, kisha nikasimama nyuma ya pazia kungoja vikombe, na hapo ndipo niliposikia maisha yangu yanapangwa.

"Daktari kasema anataka mtu wa kuwa naye kutwa," alisema Ami Hilali.

"Mgongo wangu mnaujua," alisema Bi Thuwaiba. "Ngazi zile mimi siziwezi."

Mzee mmoja wa ukoo akasema, "Kwani hamuwezi kumpata mtu wa nje, mwanamke wa kazi?"

"Mtu wa nje amuone mama yangu uchi?" Ami aling'aka. "Hasha! Sisi si watu wa kumtoa mzee wetu kwa wageni."

Kijiko kiligonga kisahani.

"Basi, Nasra yupo," alisema Bi Thuwaiba.

"Ehe. Nasra yupo," alisema Ami, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka kuwa kumbe sukari imo kabatini.

"Na skuli yake?" Huyo alikuwa Khalfan, mtoto wao, aliyenizidi mwaka mmoja.

"Skuli haikimbii," alijibu babake.

Nilimuona Khalfan kwa upenyo wa pazia akichukua kipande cha halua. Kwa miaka mingi nimelichukia swali lile kuliko ambavyo ningechukia kama angenyamaza tangu mwanzo, kwa sababu lilinionesha kuwa alijua. Na hakuna mtu katika chumba kile aliyegeuza uso kumtazama yeye, kijana mwenye mabega ya kubeba gunia la mchele, aliyekuwa hana kazi miezi ile zaidi ya kungoja majibu ya mtihani. Kuna mambo mjukuu wa kiume hawezi kumfanyia bibi yake, hilo nalijua na siligombi. Lakini ndoo ya maji si mwili wa mwanamke. Ndoo kumi kwa siku zilipanda ngazi zile, na zote zilipanda na mimi. Barua yangu ya kuchaguliwa kidato cha tano niliikunja nikaitia ndani ya kamusi, na kamusi nikaisukuma chini ya kitanda.

Chumba cha Bibi kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani, karibu kiasi cha kuweza kuugusa. Mwanga ulioingia ulikuwa wa kijivu tangu asubuhi mpaka jioni. Bibi alilala juu ya samadari aliyoletewa siku ya harusi yake, kitanda kirefu cha nguzo, kirefu hata yeye mwenyewe alipokuwa mzima alikuwa akipandia kwenye kibao. Kumgeuza juu ya kitanda kile nilikuwa nasimama kwa vidole. Asubuhi nilimpangusa mwili, nikambadilisha nguo na mpira uliotandikwa chini yake, nikafua, nikaanika juu ya paa. Nilimlisha uji wa mchele kwa kijiko kidogo, kwa sababu kikubwa kilimpalia, na mlo mmoja ulichukua saa nzima. Kisha chakula cha watu wa chini, kwani kupika nako hakukuondolewa kwangu. Kisha ngazi. Kisha mpira tena. Nilimpenda bibi yangu, nisije nikaeleweka vibaya. Lakini sitamfanya malaika. Ni yeye huyu aliyemfanya mama yangu, mwanamke wa shamba aliyeolewa na mtoto wake, ale jikoni kwa muda wote aliokuwa mkwe katika nyumba ile. Nilikuwa nalijua hilo nikimtia uji mdomoni, na upendo na hilo nilikuwa navyo pamoja katika kijiko kimoja.

Ami alimjia mamake kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Hilo ni kweli, na waliomsifu hawakusema uongo. Nilizisikia ngazi zikilia chini ya viatu vyake, nikasikia harufu ya manukato yake kabla hajafika. Alisimama kizingitini, kanzu imenyooka, akasema, "Shikamoo Mama. Umeamkaje?"

Na Bibi, upande mmoja wa uso wake ukifunguka kwa furaha, alimjibu, "Karibu."

"Nimechelewa leo, Mama," alisema Ami. "Nasra, mwangalie vizuri bibi yako."

Akashuka. Kesho yake vilevile. Karibu. Mama, nimechelewa. Miezi ile yote ya juu sikumuona akivuka kizingiti kile hata mara moja. Siku moja nilitoka na ndoo nikamkuta amekaa kwenye kona ya ngazi, kofia mkononi, uso umemvimba kwa kilio. Nilipata huruma, na mpaka leo huruma ile inaniudhi. Alikuwa anampenda mamake kweli, lakini alimpenda yule wa zamani, na hakutaka huyu wa sasa amharibie. Jioni wageni walikuja kumuulizia mgonjwa, Ami akawafungulia sebule, wakakaa kwenye viti vya mpingo. "Anapumzika," aliwaambia. "Madaktari wamekataza asisumbuliwe." Hakuna daktari aliyekataza. Wageni walimuombea dua, Ami akazipokea kwa niaba yake, wakanywa kahawa yangu, wakaenda zao. Juu, ngazi thelathini na moja, mwanamke aliyepokea watu maisha yake yote alizisikia sauti zao na kuita, karibu, karibu, karibu, na mimi nikafunga mlango kwa sababu niliamrishwa nifunge.

Mwezi wa tatu ikaja harufu. Nilidhani ni mpira, nikaufua mara mbili. Kisha nikaona doa kwenye shuka, chini ya kiuno, na nilipomgeuza nikaona ngozi imefunguka, kidonda cha upana wa kiganja changu, chekundu pembeni na cheusi katikati. Sikujua kama mtu anaweza kuoza akiwa hai. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Hospitali walimpa Ami karatasi ya maelekezo, na karatasi ile niliiona miaka baadaye imelazwa ndani ya kabati la sebuleni, haina hata mkunjo wa kuonesha kuwa ilisomwa. Nilishuka mbio kumwambia. Alikuwa anavaa viatu. "Wazee hupata vidonda," alisema bila ya kunitazama. "Choma udi kidogo, harufu isije ikawafikia watu." Nikachoma udi. Nakumbuka harufu ile ya pamoja, udi na nyama, na mpaka leo nikiingia kwenye harusi chetezo kikapitishwa mbele yangu hugeuza uso.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sijamsimulia mtu, hata mume wangu. Majibu ya Khalfan yalitoka, akapata chuo Bara, na Ijumaa moja mchana wakamfanyia karamu sebuleni. Nilipika biriani tangu alfajiri. Nilipeleka masinia. Alasiri nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za juu nikisikiliza vicheko, nikimsikia Ami akisema kwa sauti, "Elimu ndiyo urithi wa mtoto," na watu wakiitikia. Nyuma yangu Bibi alianza kuita. Karibu. Karibu. Nilijua amelowa, au ana kiu, au anaumwa. Niliziba masikio kwa viganja. Nilikaa hivyo mpaka adhana ya magharibi. Nilipoingia nilimkuta ameteleza, nusu ya mwili imening'inia upande wa samadari, mkono wake mzima umeshika nguzo, uso umejaa jasho. Sijui alishika vile kwa muda gani. Nilimvuta juu kwa nguvu, kwa fujo, na nikamwambia usoni, "Kufa basi, Bibi. Kufa, sote tupumzike."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa hayakupooza. Akainua ule mkono mzima, nikadhani atanipiga na ningeshukuru, akaniwekea shavuni, akasema, "Karibu."

Kesho yake sikungoja ruhusa ya mtu. Niliacha vyombo bila ya kuosha, nikaenda kichochoro cha pili kwa Bi Salma, mwanamke mfupi mwenye miwani minene, muuguzi aliyestaafu, ambaye kina mama wa mtaa ule walikuwa wakimpelekea watoto wenye homa. Alikuwa anapepeta mchele barazani. Nilimwamkia, kisha maneno yakakataa, nikabaki nalia mbele yake. Alivaa buibui lake akanifuata. Alipanda ngazi thelathini na moja akiwa na goti bovu, bila ya kusema neno. Alimgeuza Bibi, akatazama, akavua miwani akaipangusa, akatazama tena.

"Nani anamgeuza?"

"Mimi. Ninapobadilisha shuka."

"Mara ngapi?"

"Mbili kwa siku."

"Kila saa mbili, mwanangu. Kila saa mbili, mchana na usiku. Hujaambiwa?"

"Sijaambiwa kitu."

"Ami yako anasemaje?"

"Anasema wazee hupata vidonda."

Bi Salma alikuwa mtu mpole. Nilikuwa naye kwa miaka mingi baada ya hapo na sikumsikia tena akipaza sauti. Lakini siku ile aliipaza mpaka ikashuka ngazi zote. "Muongo! Hiki hakikuandikwa na Mungu, kimeandikwa na kitanda hiki na kuachwa peke yake! Huyu anataka jua. Anataka kukalishwa. Anataka kitanda cha chini na watu wa kusema nao. Huku mumemzika, bado sanda tu!" Kisha akakunja mikono ya nguo, akanituma maji ya kuchemsha na chumvi, akanifundisha. Namna ya kusafisha kidonda mpaka nyama nyekundu ionekane. Namna ya kuweka mto katikati ya magoti. Namna ya kumvuta mgonjwa kwa shuka bila ya kumburuza ngozi. Bibi aliuma meno, akatokwa na machozi, akasema karibu, karibu, kwa sauti ambayo sitaisahau. Bi Salma alimjibu kila mara, "Nshakaribia, Bi Mwanaasha. Nshakaribia, nipo hapa."

Alimngoja Ami mpaka aliporudi, wakasimama uani. Mimi nilikuwa dirishani juu. "Mteremsheni," alisema Bi Salma. "Sebule ile ina upepo na haina mtu."

"Bi Salma, nakuheshimu," Ami alijibu. "Lakini mama yangu alikuwa mwanamke wa watu. Siwezi kumlaza njiani, kila apitaye amuone mdomo umekwenda upande. Sitara yake ni amana yangu."

"Sitara ya nani, Hilali? Yake au yako?"

Ami akamuonesha mlango, kwa adabu, akimshukuru kwa taabu yake.

Nami ninakubali kuwa sitara ni neno zito kwetu, na wapo wanaolichukua kwa haki yake. Nimeingia katika nyumba nyingi tangu siku ile, mjini na mashamba, na nimeona wazee wakisitiriwa kwa upendo, mlango umerudishwa, mtu amekaa nao ndani. Ninachokitukana ni kumfungia mtu kisha ukabaki nje. Wiki ile nilimtafuta mwanamke wa Uroa anayeuza pweza sokoni, nikampa maneno ampelekee mama yangu: njoo, hata kama hutaki kukanyaga nyumba ile, njoo.

Mama alikuja Ijumaa, saa sita mchana, wanaume wako msikitini. Mama yangu alikuwa mkulima wa mwani. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa chumvi, na shingo yake ilikuwa nene kwa kubeba viroba vilivyolowa kutoka majini hadi juu ya mchanga. Hakuwa amepanda ngazi zile tangu kufa kwa baba yangu. Aliingia, akasimama katikati ya chumba, akavuta pumzi mara moja, na nikaona uso wake ukibadilika. Alimtazama mwanamke aliyemlisha jikoni kama mtumishi. Nilidhani atasema kitu, na alikuwa na haki ya kusema.

"Shikamoo, Bi mkubwa," alisema. Kisha akanigeukia. "Lete kanga tatu. Nzito."

"Mama, Ami kakataza."

"Ami yako hamo mgongoni mwangu. Lete kanga."

Alichutama kando ya samadari, tukamsogeza Bibi, tukamlaza juu ya mgongo wake, nikazifunga kanga moja kwapani, moja kiunoni, moja chini ya mapaja, kama afungwavyo mtoto. Bibi alikuwa mwepesi kwa miezi ile, lakini si mwepesi kiasi hicho. "Nshike shingo kwa mkono wako mzima," Mama alimwambia. "Nshike hasa, usiogope kunikaba." Akasimama. Nilisikia magoti yake yakilia. Nilitangulia mbele kinyumenyume, mikono nimeinyoosha kama kwamba ningeweza kuwazuia, na yeye akashuka ngazi moja baada ya moja, kamba ya ukutani mkononi, akihema, akisema kila kona, "Bado kidogo, Bi mkubwa." Bi Thuwaiba alikuwa chini ya ngazi, mdomo wazi. Mama hakumwamkia. Alisema tu, "Ufunguo." Na sijui ilikuwa ile sauti, au kule kumuona mkwe wake uso kwa uso baada ya miezi mitano, lakini Bi Thuwaiba alifungua pindo la kanga akautoa.

Tulisukuma viti vya mpingo ukutani. Tulitandika magodoro mawili juu ya zulia jekundu, tukamlaza kwa ubavu, mito nyuma, tukafungua madirisha yote mawili. Nilimchana nywele. Mama alikuwa ameleta boko boko, ngano iliyopondwa na nyama ikalainika kama uji, ndani ya bakuli lililofungwa kitambaa, akaanza kumlisha. Jua liliingia likamfika miguuni, na Bibi akaitazama miguu yake kana kwamba imetoka safari.

Ndipo Ami aliporudi kutoka msikitini na wageni watatu wa chakula cha mchana. Alisukuma mlango wa sebule huku bado anaongea nao, akasimama. Nilimuona akirudi nyuma hatua moja, na nadhani angeufunga. Lakini wageni walikuwa nyuma yake wameshaona, na Bibi alikuwa ameshawaona wao. Aliinua mkono, akainua kichwa kutoka kwenye mto, na kwa sauti iliyojaa, sauti yake ya zamani kabisa, akasema, "Karibu!" Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, neno lilikuwa mahali pake. Mmoja wa wageni, mzee aliyekuwa jirani yake utotoni, aliingia bila ya kuvua viatu, akapiga magoti kando ya godoro, akasema, "Shikamoo dada Mwanaasha. Walituambia hutaki kuonekana," akalia kama mtoto.

Walipoondoka Ami aliniita uani. "Umenivunjia heshima mbele ya watu," aliniambia.

Nilikuwa sijawahi kumjibu mkubwa. "Ami," nilisema, "kidonda cha mama yako kinaingia vidole vyangu vitatu. Unataka kukiona?"

Aligeuza uso akatazama ukuta wa ua.

"Nakuuliza, unataka kukiona? Kimo mule ndani. Twende."

"Rudi kwenu Uroa," alisema. "Nenda na mamako."

Mama alitokea mlangoni, bakuli mkononi. "Tutakwenda," alisema. "Na Bi mkubwa tutamchukua, kama mwanawe hamtaki. Nitampitisha njiani mgongoni mchana huu huu, na wanaouliza ninambeba nani nitawajibu."

Ami alimtazama, akaona kuwa hatanii, akapanda ngazi kwenda kujifungia. Bibi hakurudishwa juu. Mama alikaa nasi siku tisa akalala sakafuni sebuleni. Bi Salma alikuja kila siku. Kidonda kilifunga baada ya miezi minne, kikaacha kovu la rangi ya waridi, na Bibi aliishi miezi saba katika chumba kile akipokea watu. Walikuja kwa wingi, wakaleta matunda na habari za mtaa. Na walipomuona pale, kwenye magodoro, safi, chini ya sahani za kale, walimgeukia mwanawe: "Mashallah, Hilali. Umempa mamako sebule yako. Mungu akulipe." Mara ya kwanza nilimtazama nione atasema nini. Alitazama chini. Akasema, "Mama ni mama." Mara ya pili alisema bila ya kutazama chini. Mara ya kumi nadhani alikuwa ameshaamini. Na mimi nilipita katikati yao na sinia la kahawa.

Bibi alifariki asubuhi, baada ya uji, akiwa amelala kwa ubavu wa kushoto. Tulimuosha sisi watatu, Mama, Bi Salma na mimi. Wiki mbili baadaye nilikwenda skuli na barua yangu. Mwalimu mkuu aliisoma, akanirudishia kwa upole, akasema nafasi ilikwisha kupewa mwengine mwaka uliopita. Skuli ilikuwa imekimbia. Ni Bi Salma aliyenichukua kwa mkono hadi hospitali, nikaanza kwa kufagia wodi, na kutoka huko ilinichukua miaka kumi na moja kufika pale ambapo ningefika kwa minne. Watu huniambia kwamba hivyo ndivyo Mungu alivyotaka niwe muuguzi. Huwa siwajibu. Nilikuwa nataka kuwa mwalimu wa hesabu.

Na sasa hili la mwisho. Mwezi mmoja kabla ya kufa, Ami aliyekuwa ameshapooza miguu aliagiza niitwe. Walikuwa wamemlaza sebuleni tangu siku ya kwanza, hakuna aliyelijadili. Alikuwa amekonda, macho makubwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanishika mkono. Nilingoja. Nitasema ukweli, nilikuwa nimengoja miaka thelathini na moja, na nilikuwa tayari kumsamehe palepale iwapo angeniomba kwa neno moja.

"Nasra," alisema, "wewe ulitusaidia sana kwa Bibi yako."

Kusaidia. "Sikuwasaidia, Ami," nilimwambia. "Kusaidia ni pale mtu anapokuwa anafanya, wewe ukampa mkono. Nani alikuwa anafanya?"

Alifumba macho. Niliona amelalia mfupa, na shuka imejikunja chini yake, na ngozi imeanza kuwa nyekundu. Mlangoni alikuwa amesimama Khalfan, mtu mzima sasa, mwenye mvi na kitambi, amekuja kutoka kazini, anatazama saa.

"Njoo," nilimwambia. "Nikuoneshe namna ya kumgeuza."

"Mimi?" alisema Khalfan. "Si tungemtafuta mtu? Kuna yule binti wa—"

"Wewe," nikasema. "Vua saa, nawa mikono, uje umshike babako."